Pikipiki ya magurudumu manne iliyozama Malagarasi

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Uvinza, na kwa kuzungukia mizinga natumia pikipiki ya magurudumu manne yenye kabureta, stata ya umeme na mkanda badala ya gia za kukanyaga. Siku nne zilizopita nilivuka kijito kinachoingia mto Malagarasi nikidhani maji ni ya magoti, kumbe mvua ya usiku ilikuwa imekijaza. Yakafunika kiti na injini ikazimika. Tuliivuta kwa kamba, tukapiga stata mara kadhaa, ikawa inatoa "tak" moja na kunyamaza. Kesho yake tulifuta plagi, ikawaka kama dakika mbili huku ikitoa moshi mweupe, kisha ikazimika na haijawaka tena. Oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa jirani ananishauri nimimine dizeli ndani ya injini na kuiwasha ili isafike. Je, nikubali? Msomaji, Uvinza.

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa mkasa huo. Usikubali habari ya kuwasha injini kwa dizeli, na kwa sasa usiguse stata, kwa sababu madhara makubwa hayaletwi na kuzama bali na kile tunachokifanya baada ya kuzama, tukiwa bado tunatetemeka kwa baridi na hasara.

Hiyo "tak" moja ina maana mbili: ama betri imechoka, ama kuna kitu kimeizuia injini isizunguke. Pima betri kwanza. Ikiwa imejaa, mita itasoma volti 12.6 hivi, ikisoma chini ya 12, huo ni udhaifu wa betri na hauthibitishi lolote kuhusu injini. Lakini betri ikiwa nzima na "tak" ikaendelea, dhania kwamba kuna maji juu ya pistoni. Pistoni hupanda wakati vali zote zimefungwa ili ibane hewa na petroli, navyo hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikikutana na maji husimama ghafla, na nguvu yote iliyokuwa ikiisukuma huishia kwenye konrodi, yaani fimbo ya chuma inayoiunganisha pistoni na shafti ya injini. Niliwahi kufungua injini ya namna hiyo ambayo mwenyewe alikuwa ameapa kwamba haina tatizo. Konrodi yake kwa macho ilikuwa nzuri kabisa. Nilipoilaza juu ya kipande cha kioo ndipo nilipoona mwanga ukipenya chini yake, kumbe ilikuwa imepinda.

Jambo moja hukulieleza, nalo lina uzito: je, injini ilizimika ukiwa umekaza mafuta, au ilikuwa ikinguruma polepole? Iliyomeza maji ikiwa katika mwendo mkali ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupinda konrodi kuliko iliyozimika taratibu. Kwa kuwa yako iliweza kuwaka kesho yake, nina matumaini, ila si hakikisho.

Sasa anza hivi. Ondoa waya wa hasi wa betri, funga koki ya petroli, fungua plagi na uizungushe injini kwa mkono au kwa kamba ya kuvutia, kama ipo. Usiiname juu ya tundu la plagi, maana maji yatakayoruka humo huwa yamechanganyika na petroli. Maji yakikoma, rudisha waya wa betri na upige stata kwa vipindi vifupi plagi ikiwa bado nje, lakini kabla ya hapo ichomeke plagi kwenye kofia yake na uigandamize kwenye chuma cha injini, mbali na tundu. Ukiiacha ining'inie, cheche zake zinaweza kuwasha mvuke wa petroli, na koili nayo inaweza kuungua. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili safi ndani ya silinda na uizungushe tena ili kuta zake zipate utando.

Kwenye oili ndipo ninapokuomba uvumilivu. Rangi ya chai ya maziwa inatokana na maji yaliyopigwapigwa pamoja na oili injini ilipokuwa ikizunguka, na yakishachanganyika hivyo hayajitengi kwa kuachwa yatulie wala hayaishi kwa kuendesha safari ndefu, kama wengine wanavyoamini. Fungua nati ya chini uimwage yote, badilisha filta, weka oili mpya, na injini ikishawaka iache ingurume dakika tatu hadi tano bila kuikaza, kisha imwage. Itatoka ikiwa na weupe bado, lakini umepungua. Rudia. Kwa kawaida mara ya pili au ya tatu hutoka safi. Kwa kusafishia tumia oili ya bei nafuu, ila iwe ya pikipiki na ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake, kwa sababu baadhi ya pikipiki hizi zina klachi inayooga ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Dizeli haina utando wa kutosha wa kulinda beringi za injini inayozunguka. Wapo wanaosuuzia nayo injini ikiwa imezimwa. Mimi siipendi hata hivyo, kwa kuwa hubaki kwenye pembe na kuifanya oili mpya kuwa nyepesi.

Kabla ya kujaribu kuwasha, kagua petroli. Legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, pokea kinachotoka kwa chupa angavu ya maji ya kunywa, na uiache itulie mbali na jiko: maji yatalala chini na petroli itaelea juu, na mpaka wake utauona waziwazi. Tanki nalo likaguliwe vivyo hivyo. Huenda ndiyo sababu injini ilizimika baada ya dakika mbili, yaani ilitumia petroli kidogo iliyokuwa safi kisha ikavuta maji. Filta ya hewa ikiwa ya sponji ifue kwa sabuni, ikauke, uipake oili yake. Ikiwa ya karatasi nunua nyingine. Kwenye kasha la mkanda kuna kizibo cha chini cha kutolea maji; mkanda uliolowa huteleza, injini ikalia na pikipiki isiende, na watu wakalaumu klachi.

Ikiwaka, moshi mweupe wa mwanzo usikutishe, ni mvuke wa maji yaliyobaki kwenye ekzosi. Ukisikia kugonga kwa chuma, izime mara moja. Ikikataa kuwaka ilhali plagi inatoa cheche na petroli ni safi, mwombe fundi apime mgandamizo, yaani jinsi pistoni inavyobana hewa silindani: ukiwa mdogo, aweke kijiko cha oili silindani apime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimechoka au zimeshika kutu. Usipopanda, shida iko kwenye vali au konrodi, na hapo injini haina budi kufunguliwa. Oili ya difu (kasha la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu), beringi za magurudumu na breki zikaguliwe pia wiki hiyo hiyo, kwa maana difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia sili.

Kwa kuwa uko Uvinza, niongeze hili: maji ya Malagarasi yana tope, lakini ya chemchemi za chumvi za huko ni balaa nyingine. Chombo kikitumbukia humo, kisuuzwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa viungio vya nyaya.

SWALI: Yangu ilitumbukia ziwani tulipokuwa tukiishusha kutoka kwenye boti. Hatujaiwasha. Fundi atafika baada ya siku tatu. Tuifungue ikauke juani? Msomaji, Kibirizi.

JIBU: Mmefanya vyema kutoiwasha. Tanganyika ni ziwa la maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mna nafuu, lakini msiianike kama dagaa. Chuma kilicholowa kikipata hewa ndipo kinapoanza kushika kutu, na siku tatu zinatosha kuharibu ukuta wa silinda. Toeni maji kwa tundu la plagi kama nilivyoeleza hapo juu, mwageni oili iliyoingia maji, jazeni injini oili safi mpaka juu kabisa, mimineni nyingine silindani, mzungushe kwa mkono mara chache na kurudisha plagi. Fundi akifika aimwage yote kabla ya lolote. Ufunguo uondoeni kwenye swichi mkauhifadhi nyumbani, kwa maana hakosekani kijana atakayepita na kutaka kujaribu kidogo tu.