Taa imefika Moshi imekatika masikio, nani alipe?

Pole mkuu. Umesema taa ya mbele ya Toyota Premio imetoka Ilala, Dar, nzima, imefika Moshi masikio mawili (vile vishikizo vya kuifungia kwenye gari) yamekatika, na sasa muuzaji na ofisi ya vifurushi wanatupiana mpira. Mimi nina gereji hapa Unga Limited, Arusha, spea nyingi naagiza Dar, kwa hiyo kesi hizi nimezizoea.

Kwanza usitupe boksi, hata magazeti ya ndani. Likiwa limebonyea kona ileile taa ilipovunjika, mzigo umebamizwa njiani. Likiwa zima halafu taa inachezacheza ndani, huyo ni muuzaji, kafunga hovyo. Piga picha kabla hujaanza kubishana na mtu.

Ulisaini kabla ya kufungua? Basi una kazi, ila nenda hivyohivyo. Mimi nafungulia palepale dirishani, karani akinuna anune. Kasoro naiandika kwenye risiti, na yeye anasaini chini yake. Kuna ofisi iligoma kunilipa rejeta (ile ya kupoza maji ya injini) iliyopasuka tangi la plastiki, wakanionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti. Nikawaandikia barua, nikataja kwamba nitaipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wengi hukimbilia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, lakini huduma ya vifurushi inasimamiwa na TCRA. Walilipa nusu, tena kwa kulalamika.

Taa yako yenyewe usiikatie tamaa. Vipande vikiwemo kwenye boksi, fundi wa plastiki anayachomelea masikio kwa pasi ya kuchomelea na kipande cha wavu wa chuma ndani, yanashika vizuri tu. Ila lenzi ikiwa na ufa, achana nayo, maji yataingia. Rejeta ni hadithi nyingine: mapezi (vile vibati vyembamba vya mbele) yaliyolala yananyooshwa, tangi likipasuka gundi haitahimili joto na presha. Ijaze upepo, izamishe kwenye maji uone kama inavuja, kabla hujaifunga kwenye gari.

Oda ijayo mwambie muuzaji akurekodie video akifunga, boksi ndani ya boksi, sponji katikati. Rejeta ipigiwe fremu ya mbao, mwongezee hela ya fundi. Na thamani ya mzigo iandikwe kwenye risiti, siyo "spea" tu, maana wao "spea" wanaweza kuihesabu kama boliti.

Ukienda hapo ofisini nenda asubuhi. Mabasi ya Dar yakishaanza kushusha, hakuna atakayekusikiliza.