Je, kushukuru kwa kila jambo ni kushukuru hata kwa msiba?

Ndugu yangu, umeuliza kama Mkristo aliyepoteza kazi na kufiwa katika mwaka mmoja analazimika kumshukuru Mungu kwa ajili ya hasara hizo. Kwa maoni yangu, halazimiki. Agizo la 1 Wathesalonike 5:18, ambalo Biblia zetu nyingi husema "kwa kila jambo", katika Kiyunani linatumia neno dogo "en", yaani "katika", hivyo shukrani inatolewa ndani ya hali, si lazima kwa sababu ya hali yenyewe.

Mtazame Paulo. Anapowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema katika 4:11 kwamba amejifunza kuridhika, na kitenzi hicho kinanipa moyo kwa sababu mtu hajifunzi jambo alilozaliwa nalo. Tena, mistari michache tu baadaye, anakiri waziwazi kwamba yumo katika dhiki na anawasifu waliomsaidia kwa zawadi iliyoletwa na Epafrodito. Kuridhika kwake, basi, hakukumzuia kutaja shida wala kupokea msaada. (Wanaomwambia mfiwa asilie kwa kuwa ana imani wangefaa kuisoma sura hiyo hadi mwisho.)

Ukikosa maneno ya kuomba, anza na Zaburi ya 13. Inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini?" na kuishia kwa wimbo, ijapokuwa hatuambiwi kwamba adui wa mwimbaji alikuwa ameondoka.