Dodoso Lako Halijibiwi? Lianze Upya Swali la Kwanza

Wanafunzi wa vyuo na vijana wa mashirika madogo hapa Nairobi huniletea madodoso yao na lalamiko lile lile: watu hawajibu. Nimekusanya maoni kwa miaka mingi, mtaani na kwa simu, na ninachowaambia ni kwamba kabla hujamlaumu mhojiwa, likague dodoso lenyewe. Wakenya hujibu. Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022, ulioendeshwa na KNBS, shirika la serikali la takwimu, asilimia 98 ya nyumba zilizokutwa na watu zilihojiwa. Mhojaji alifika mlangoni, akajitambulisha, akaeleza shida yake. Fomu inayotumwa kwa simu haina mtu wa kuitetea, kwa hiyo maneno yake na mpangilio wake ndivyo vifanye kazi hiyo.

Madodoso mengi ninayoletewa huanza na umri, elimu, ndoa, mapato ya mwezi. Haya ni mazoea ya chuo. Sasa mwendee mama mboga wa Kawangware saa kumi na mbili jioni, anakata sukuma, wateja wamemzunguka, halafu umuulize anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Nimemshuhudia mmoja akiweka kisu chini, akanitazama kuanzia viatu hadi kitambulisho nilichovaa shingoni, akauliza, "Wewe umetumwa na kanjo?" Alidhani nimetumwa na askari wa jiji, na hapo mazungumzo yakaisha.

Tulipoupindua mpangilio, swali la kwanza likawa: mboga zako unazitoa soko gani? Wanawake wale wale wa vibandani wakaanza kutueleza habari za Marikiti, bei ya nyanya mvua ikinyesha, na nauli ya mkokoteni. Pesa tuliziuliza mwishoni, na hatukuuliza za mwezi, kwa sababu biashara ya kibanda haihesabiwi kwa mwezi. Tuliuliza, "Jana uliuza kama ya shilingi ngapi?" Wengi walijibu bila kusita. Don Dillman, mtaalamu wa Marekani ambaye amekuwa akiandika juu ya mambo haya tangu miaka ya 1970, anashauri hivyo hivyo: swali la kwanza liwe jepesi, limhusu kila anayejibu, na lilingane na sababu uliyompa ya kumsumbua. Ya binafsi yangoje.

Kisha kuna kioo cha simu. Wewe umelitengeneza dodoso kwenye kompyuta ofisini, lakini linafunguliwa ndani ya matatu, kwenye simu ya bei nafuu iliyopasuka kona. Lile jedwali lako lenye kauli kumi na nguzo tano za "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa" halienei. Nguzo mbili za mwisho zinapotelea nje ya kioo. Anayejibu ama anaacha, ama anabonyeza nguzo moja kutoka juu hadi chini amalizane nawe, na majibu ya namna hiyo ni mabaya kuliko kutojibiwa. Livunje jedwali, kila kauli ikae peke yake. Punguza kauli zenyewe pia. Nembo kubwa na picha za kupendeza ziondoe, zinakula bando la mtu. Wenye kabambe, zile simu za vitufe zisizo janja, watumie maswali kwa SMS, na ukumbuke ujumbe mmoja unabeba herufi 160 tu, maswali na majibu ya kuchagua humo humo.

Angalia pia swali lisibebe mawili. "Je, huduma ya maji ni nzuri na nafuu?" Mkazi wa mtaa wa Pipeline anaweza kuwa na maji kila siku na bado akayanunua kwa bei ya kumuumiza. Atajibu nini?

Utangulizi wengi huujaza sheria. Ni kweli Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aelezwe kwa nini unachukua taarifa zake, ila hilo linaelezeka kwa mistari minne: wewe ni nani, unataka kujua nini, majibu yatakwenda wapi, itachukua dakika ngapi. Dakika ziwe za kweli. Jiji hili lina matapeli wa simu wengi, na ukiomba nambari ya kitambulisho bila sababu utahesabiwa miongoni mwao. Kama una kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti, kitaje. Kama unaingia mtaani, pita kwanza kwa chifu na wazee wa nyumba kumi.

Kuhusu zawadi, tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba kidogo kinachotolewa kabla huvuta majibu kuliko kikubwa kinachoahidiwa baadaye. Kredo ya simu ya shilingi hamsini inayotangulia swali la kwanza inaonyesha kwamba umemwamini mtu kwanza. Bahati nasibu ya simu janja siipendekezi.

Kumbusha pia, mara mbili tatu, kwa saa tofauti na maneno tofauti.

Lakini usiabudu idadi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Waliotumiwa, na waliojisumbua kurudisha, hawakufanana na wapiga kura wengine. Hata wewe, kiungo kikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya marafiki zako wa Kilimani, mtaa wa wenye nacho, utapata majibu tele yasiyosema lolote kuhusu mtaa wa mabanda wa Mukuru. Kwa hiyo hesabu majibu kwa mtaa, kwa umri na kwa jinsia tangu siku ya kwanza. Ukiona Mukuru imebaki nyuma, peleka mhojaji kwa miguu mapema, wakati bajeti bado ipo.