EA Sports WRC au ubaki na Dirt Rally 2.0?

Ndugu, umeuliza kama gemu la mbio za magari za rally, EA Sports WRC ya 2023, linafaa kununuliwa wakati Dirt Rally 2.0 ya 2019 unayo tayari. Mimi nasema inunue, na sababu yangu kubwa ni Safari Rally: gemu la zamani halina Kenya kabisa, hili jipya linayo. Halafu kuna hatua (vipande vya mbio) zinazopita kilomita 30, mpaka mikono inachoka kweli! Unaweza hata kujiundia gari lako mwenyewe. Kwa muonekano tu, bado naipenda ya zamani, mwanga na vumbi lake vina uhai zaidi. Ila angalia mashine yako kwanza, maana hii mpya haipo kwenye PS4 (PlayStation 4). Inataka PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu.