Picha za wanyama na tuzo za uhifadhi: mmeuliza, tunajibu

Nina picha safi ya gorila wa Bwindi, Uganda. Mbona kila tuzo ya uhifadhi inaikataa? (Kisoro)

Sura ya gorila majaji wameshaichoka. Wanatafuta tukio: waya uliotegewa paa ukamnasa gorila, askari wa wanyamapori akiukata, chai iliyopandwa hadi ukingoni mwa msitu. Picha ya Brent Stirton iliyoshinda tuzo ya picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year, mwaka 2017 ni ya kifaru mweusi aliyeuawa na kukatwa pembe. Haipendezi hata kidogo. Andika na maelezo yake: mnyama gani, hifadhi gani, tarehe, nini kinatokea.

Gorila wangu hutoka wa kijivu, tena ametikisika. (Kabale)

Kosa ni moja. Kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani, hivyo manyoya meusi yakijaza fremu huongeza mwanga kwa kuchelewesha shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga). Punguza mwanga kwa stopu (EV) 0.7 hadi 1, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) panda hadi 3200 au 6400. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa utazisamehe, mtikisiko hapana. Flashi ni marufuku, na lenzi ya milimita 70–200 inatosha kwa umbali wa mita 10.

Nilifuta chupa ya plastiki kwa kompyuta. Nimekosea? (Jinja)

Umekosea. Kurekebisha mwanga na kukata kingo kunaruhusiwa. Kuondoa au kuongeza kitu, hapana. Ukifika fainali utadaiwa faili ya RAW (picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera), kwa hiyo usipige JPEG peke yake. Udanganyifu wa uwandani nao huadhibiwa: mwaka 2010 mshindi wa 2009 wa Wildlife Photographer of the Year alivuliwa ushindi, waandaaji walipoona kuwa mbwa mwitu (wolf) wa kwenye picha yake yaelekea alikuwa wa kufunzwa. Na chupa yako, kwa tuzo ya mazingira, huenda ndiyo ilikuwa picha yenyewe!

Nitaje mahali kilipo kiota cha yule ndege wa kinamasi cha Mabamba mwenye mdomo kama kiatu (shoebill)? (Entebbe)

Kwa waandaaji pekee, wakiuliza. Vifaranga vyake huibwa vikauzwa, kwa hiyo futa GPS (alama ya mahali ilipopigwa picha) kwenye kila nakala unayosambaza na uandike "Mabamba" tu. Mwambie mwenye mtumbwi asikaribie: mzazi hubeba maji mdomoni kupoza mayai na kifaranga, na akifukuzwa saa sita mchana, jua huwamaliza.