Togwa ikipungua, USIJAZIE MAJI (jibu kwa mwenye pipa la lita 100)

Mkuu, funga hilo bomba kwanza. Nilikuwa napita tu, nikafika pale uliposema "ikipungua nitaongezea maji asubuhi ya sherehe", nikashindwa kunyamaza.

Una dona kilo 12, kimea cha ulezi kilo 2, pipa la lita 100, na unataka togwa lita 100 iliyochujwa kwa ajili ya kipaimara Jumamosi. Hizo lita 100 hazipo. Kilo 14 za unga zikiingia kwenye maji zinachukua nafasi ya lita 9 hivi. Juu uache nafasi ya povu, lita 15 angalau, la sivyo utaamka ukute pipa limetapika ukumbini. Maji yatakayoingia kweli ni lita 75 na ushee. Sasa njoo kwenye kuchuja: kwangu mimi kila kilo ya unga hubaki na lita moja na nusu ndani ya machicha, na hapo nimekamua mpaka viganja vinawaka. Wapika bia ya shayiri hupoteza kama lita moja kwa kilo, ila wao punje zao zimepasuliwa tu na maganda yake yanawasaidia kuchuja. Dona ni unga, linaziba kitambaa. Kwa hiyo toa lita 21. Umebaki na 55 hivi, na bado sijagusa mvuke uliopotea ukichemsha uji kwenye sufuria pana lisilo na mfuniko.

Mimi hesabu hii hakuna aliyenipa. Niliyempata ni bingwa mmoja wa kundi la WhatsApp: "Pipa ni pipa, unachoweka ndicho unachotoa." Bingwa! Nimekuja kujua baadaye kwamba togwa huwa ananunua. Hajawahi hata kuotesha kimea, lakini kwa ushauri wa bure hana mpinzani, na emoji za misuli juu.

Basi send-off ya mdogo wangu, usiku, tunachuja, pipa la pili halifiki hata nusu na wageni ni kesho. Nikajazia maji ya bomba, nikakoroga. Rangi ikabaki nzuri tu, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Asubuhi nafunua: juu maji meupe kama ya kuoshea mchele, chini tope, na harufu siyo ya togwa kabisa. Jamani, uchachu ndio mlinzi wa togwa. Ikishachacha vizuri, vijidudu vya kuharisha hupata shida humo ndani. Ukimwaga maji mabichi unaupunguza uchachu na papo hapo unaingiza vijidudu vipya. Tulimwaga kila kitu. Soda tukanunua kwa kreti kwa mwenye duka aliyeona kabisa kwamba tumebanwa, akapanga bei anayotaka. Shangazi mpaka leo ananiita Idara ya Maji. Naitika, maana masufuria makubwa ni ya kwake.

Halafu kuna lita zinazopotea kwa sababu ya haraka. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota umekiua. Kimea hai ndicho kinachovunja ule wanga uliovimba ukashika maji. Kikifa, uji unabaki gundi na kitambaa hakitoi hata tone. Subiri uji upoe uwe vuguvugu ndipo utie kimea, ukoroge. Utausikia mkononi: mwiko uliokuwa unabishana na wewe unaanza kuwa mwepesi, uji unalegea na kuteleza. Usipolegea, usiendelee kumimina kimea kingine kwa hasira, angalia kwanza kama bado unaunguza.

Narudia, na hii uiandike ukutani: anza na kiasi kitakachonyweka, urudi nyuma mpaka kwenye maji. Unataka lita 100 za kunywa? Panga mapipa mawili na unga karibu mara mbili. Huna pipa la pili? Waambie kamati lita ni 55, wapunguze vikombe mapema. Afadhali wagombane na wewe leo kuliko Jumamosi mbele ya padri.

Pipa la plastiki sawa, mradi halikuwa la kemikali au mafuta ya taa.

Na hiyo moja na nusu yangu usiimeze nzimanzima, mashine yenu ya kusaga huenda ni laini kuliko ya kwetu. Leo Jumanne. Usiku huu pika kilo moja ya unga huo huo, kimea kwa uwiano huo huo, maji uyapime kwa chupa. Kesho jioni chuja kwa kitambaa utakachotumia Jumamosi, upime kilichotoka. Lete namba hapa, tukupigie hesabu ya maji.