Daftari la maumbile kwenye theluji: nje kusanya, ndani paka rangi

Mkuu mleta uzi, umelalamikia mambo matatu: kalamu na rangi za maji zinaganda, vidole vinakufa ganzi mchoro ukiwa nusu, na pori zima limekuwa jeupe hadi huoni cha kuchora. Natoka na daftari kwenye theluji kila majira ya baridi yakifika, basi nakujibu kwa ninavyofanya mimi. Hilo la tatu ndilo tamu, nitakaa nalo zaidi. Mawili ya kwanza dawa yake ni moja: acha kutaka kumaliza ukurasa ukiwa nje.

Kiangazi unaweza kukaa chini ya mti ukachora hadi ukachoka. Baridini mkono unakupa dakika chache tu, kwa hiyo dakika hizo zitumie kwa yale usiyoweza kuyapata tena ukishaondoka: umbo, vipimo, saa, upepo, mwanga. Rangi ni kazi ya ndani. Edward Wilson, daktari na mchoraji aliyekwenda Antaktika na misafara ya Robert Falcon Scott, ndivyo alivyofanya. Nje alichora kwa penseli harakaharaka akiandika majina ya rangi mahali pake, kisha akapaka rangi akiwa amerudi kwenye kibanda. Picha zake zinatazamwa hadi leo.

Kwa hiyo beba penseli. Wino wa bolpeni unakuwa mzito na kugoma, na kalamu za wino wa maji zinaganda kabisa. Penseli haina cha kuganda. Chukua laini, 2B au zaidi, kwa sababu ngumu inataka ukandamize, na ukiwa umevaa glavu utatoboa karatasi. Iwe ya mbao ya kawaida. Zile za kubonyeza risasi yake nyembamba inakatika ovyo mkono ukiwa mzito.

Wapo watakaokushauri utie pombe kali kwenye maji ya rangi. Inasaidia kweli, maana pombe hushusha kiwango cha kuganda, ila rangi nayo inatambaa tofauti kwenye karatasi, na baridi ikizidi sana umeahirisha tatizo tu. Rangi ikigandia kwenye karatasi hufanya matawimatawi ya kupendeza mno, halafu unaingia ndani yanayeyuka na kuchuruzika. Chumvi usijaribu, inabaki punjepunje kwenye picha. Mimi naandika herufi: B ya buluu, K ya kijivu, W ya waridi, na namba 1 hadi 5 kwa giza la kivuli. Moja ni karatasi tupu, tano ni shina lililolowa. Ukizoea unaandika bila kufikiri.

Mikono: glavu nyembamba ndani, na juu yake nene ya kukusanya vidole pamoja, iliyofungwa kwa kamba shingoni ili ukiivua upepo usiondoke nayo. Kaa juu ya kipande cha godoro la sponji, usikae kwenye theluji yenyewe. Chora, tembea, chora tena. Kidole kikipoteza hisia na ngozi kuwa nyeupe au ya kijivu, hapo mchoro umekwisha: kiweke kwapani urudi ndani. Na usikisugue kwa theluji hata akikushauri mzee gani, unaumiza ngozi zaidi.

Miwani ya jua ni lazima. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno (ile ya jua isiyoonekana), na Wilson mwenyewe aliteswa vibaya na upofu wa theluji, yaani macho kuunguzwa na mionzi hiyo, katika safari ya kusini ya 1902–1903. Shida ni kwamba miwani inadanganya rangi. Iinue sekunde moja, tazama, andika herufi yako, irudishe. Jua likiwa kali lipe mgongo ili ukurasa uwe kwenye kivuli chako.

Sasa huo weupe. Siku ya anga safi tazama kivuli cha mti juu ya theluji: ni cha buluu, kwa sababu pale jua halifiki, kinachopaangaza ni anga. Asubuhi na jioni pale panapopigwa na jua panaelekea njano au waridi. Kwa hiyo theluji yenyewe usiichore. Chora vivuli, na karatasi uliyoiacha wazi itakuwa theluji.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye nyayo, na kama ningeruhusiwa kuchora kitu kimoja tu baridi nzima ningechagua hizo. Pima urefu na upana wa unyayo, kisha umbali hadi unyayo unaofuata wa mguu uleule. Sungura wa porini anaporuka, miguu ya nyuma inatua mbele ya ile ya mbele, ndiyo maana wengi wanamfuata kinyumenyume. Mbweha akitembea taratibu anaacha mstari karibu ulionyooka, maana mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele. Andika pia kingo za unyayo zikoje, kali au zimelegea. Jua likiyeyusha theluji unyayo unapanuka, na mbweha wa juzi anaweza kusomeka kama mbwa mwitu. Ukijua theluji iliacha kuanguka saa ngapi, unajua pia kwamba mnyama huyo hakupita kabla ya hapo.

Usichore unyayo mmoja ukaondoka. Chora njia nzima kama ramani: aliposimama, alipokojoa, alipoguguna gome. Nyayo za panya zikikatika ghafla na pembeni kuna alama za mabawa, ukurasa umejaa tayari. Alama za meno kwenye gome pima kimo chake kutoka juu ya theluji, kisha pima na kina cha theluji. Sungura alisimama juu yake, na ikishayeyuka utaziona alama hizo juu kuliko anavyoweza kufika, ushangae bure kama hukuandika. Vitundu vidogo navyo viandike. Chini ya theluji nene ardhi hukaa karibu na nyuzi sifuri hata kama hewa ya juu ni baridi mno, na wanyama wadogo wanaishi huko.

Theluji ikiwa inaanguka usikimbie. Toa kitambaa cheusi ulichokwisha kukiacha nje kipoe, zuia pumzi, tazama kwa kioo cha kukuzia. Mjapani Ukichiro Nakaya, aliyetengeneza fuwele ya theluji maabara mwaka 1936, alionyesha kwamba umbo linafuata joto na unyevu wa hewa inakokulia: karibu na nyuzi -2 utapata vibamba, karibu na -5 sindano, karibu na -15 zile nyota zenye matawi. Mchoro wako wenye saa na joto unakuambia kidogo habari za wingu. Chora mkono mmoja tu wa nyota kwa makini, kisha weka alama kwamba iko sita. Zile za mapambo zenye mikono minane hazitoki mawinguni. Na usihangaike kutafuta iliyokamilika, nyingi zimevunjika, nawe chora hiyohiyo iliyovunjika.

Vichipukizi vya miti nakugusia tu: angalia kama vimekaa viwiliwili vikitazamana au kimoja kimoja kwa zamu. Hilo peke yake linapunguza sana orodha ya miti unayokisia.

Ukirudi, daftari litie kwenye mfuko wa plastiki uufunge kabla hujaingia ndani. Karatasi baridi ikikutana na hewa ya ndani inalowa, na penseli laini inachafuka yote. Mvuke uache utue juu ya mfuko. Daftari likishapata joto litoe, upake rangi usiku uleule, kwa sababu B-3 yako kesho asubuhi itakuwa buluu yoyote tu.